Mvua nayo itunziwe daftari

Juma hili napenda tuzungumze juu ya neno moja dogo ambalo limewagharimu wakulima wetu mbegu nyingi. Neno lenyewe ni "kiasi". Mtu aliyeko Dar es Salaam au Mwanza hupiga simu nyumbani Karagwe mwezi wa tisa, akauliza kama mvua imenyesha. Hujibiwa: "Imenyesha kiasi." Akiuliza ni kiasi gani, ataambiwa si haba, au ya kulaza vumbi, au Mungu ametukumbuka. Kwa kujuliana hali, majibu hayo yanatosha. Kwa mtu anayetaka kutuma fedha za mbegu za maharage na za vibarua, hayatoshi hata kidogo.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mkulima wa kahawa wa Nyaishozi analijua hilo vizuri. Hawezi kukubali karani wa chama cha msingi amwambie kwamba kahawa aliyoileta ni "kiasi". Atataka mizani, ataitazama sindano ya mizani kwa jicho kali, na hataondoka bila stakabadhi. Lakini maji yaliyoizaa kahawa hiyo hayana mizani wala stakabadhi. Yanakuja, yanakwenda, na mwaka ukiisha kila mtu ana hadithi yake.

Wapo wenzetu wachache katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, na katika mikoa mingine pia, ambao wameanza kujiwekea vituo vidogo vya hali ya hewa nyumbani: huyu kopo na rula, yule kipimamvua cha plastiki, mwingine mashine ya kisasa inayotuma tarakimu kwenye simu. Hilo ni jambo la kheri. Lakini kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo ngumu, ni kuandika na kutunza kilichopimwa.

Kwanza tujiulize, kwa nini Karagwe na Kyerwa? Mkoa mzima wa Kagera unajulikana kwa mvua, na sifa hiyo kwa kiasi kikubwa ni sifa ya Bukoba. Mji ule uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande wa magharibi, ambako upepo unaovuka ziwa hufika ukiwa umejaa unyevu. Kwa mwaka Bukoba hupata karibu milimita 2,000. Ukipanda milima kuelekea magharibi, mvua hupungua. Ukifika Kayanga, na kuendelea hadi Nkwenda na Murongo kwenye mto Kagera, sehemu nyingi hupata takribani nusu ya hizo. Kwa hiyo mtu akisema "mvua za Kagera zilikuwa nzuri mwaka huu", mkulima wa Kyerwa ana haki ya kuuliza: nzuri kwa nani?

Wala si suala la umbali mkubwa tu. Katika nchi ya milima, wingu laweza kumwaga maji Bugene na kuiacha Ihembe ikiwa kavu. Mwezi Julai 1997, katika mji wa Fort Collins kule Marekani, dhoruba moja ilileta mafuriko makubwa upande mmoja wa mji, wakati mitaa ya upande mwingine ilipata mvua ya kawaida tu. Wataalamu wa huko walitambua kwamba vituo vyao vilikuwa vichache mno. Mwaka uliofuata, 1998, walianzisha mtandao wa wananchi wa kawaida, kila mmoja na kipimamvua chake uani. Leo mtandao huo umeenea nchi nzima na kuvuka mipaka. Kama mji mmoja unahitaji macho mengi kiasi hicho, sembuse wilaya mbili za vilima na mabonde!

Sasa, ndugu msikilizaji, usidhani kwamba kazi hii yataka utajiri. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa. Kina cha maji ndani yake, kikipimwa kwa rula, ndicho kipimo cha mvua, kopo liwe pana au jembamba. Maji yakifika milimita 20, mvua iliyonyesha ni milimita 20. Na milimita moja maana yake ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Bati la nyumba lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 litapokea, kwa mvua hiyo ya milimita 20, lita 960. Hizo ni ndoo 48 za lita 20, kabla ya kutoa zinazopotea kwa kuvuja na kuruka. Kwa mama anayeteremka bondeni na kupanda kilima na ndoo kichwani, hesabu hiyo si ya darasani. Inamwambia tangi la ukubwa gani litajaa, na kwa mvua ngapi. Na ekari moja ya shamba, kwa mvua hiyo hiyo, imepokea lita zipatazo 81,000.

Kopo likae mahali pa wazi. Nyumba nyingi za Karagwe zimezungukwa na migomba, na kopo lililo chini ya mgomba hupima matone ya majani. Liwe mbali na kizuizi, angalau mara mbili ya kimo cha kizuizi hicho, na lifungwe imara, maana mbuzi hana heshima kwa sayansi. Watoto nao waelezwe, asije mmoja wao akaongeza maji ili kumfurahisha babu.

Tukifika kwenye daftari, ndipo penye mitego. Mtego wa kwanza ni sifuri. Siku isiyonyesha, andika 0. Siku ambayo hukupima, kwa kuwa ulikwenda msibani au uliugua, weka mstari mfupi. Usiache wazi, wala usiandike sifuri. Tofauti ya alama hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sifuri ni ushahidi: nilitazama, sikuona maji. Mstari ni ungamo: sikutazama. Mtu akichanganya hayo mawili, siku kumi za safari yake zitageuka kuwa siku kumi za ukame, na mjukuu atakayesoma daftari hilo atasimulia ukame ambao haukuwapo. Na kama umerudi baada ya siku tatu ukakuta maji, andika kwamba hayo ni ya siku tatu kwa pamoja. Usiyagawe kwa kukisia.

Mtego wa pili ni saa. Hapa sisi Waswahili tuna mtihani wetu wenyewe. Wapimaji wa hali ya hewa katika nchi yetu hupima mvua saa tatu asubuhi. Saa ya mashine huonyesha 9:00. Kama mashine imewekwa kwa saa za kimataifa, zile za Greenwich, itaandika 06:00. Tatu, tisa na sita, na wote wanasema dakika ile ile moja! Mtu akinakili bila kueleza, atakayekuja baadaye atadhani mvua ilinyesha mara tatu. Tena mashine inayofuata Greenwich huianza siku yake mpya wakati kwetu ni saa tisa usiku, kwa hiyo mvua ya usiku wa manane huiandika kwa tarehe moja, na mwenye kopo huiandika kwa nyingine. Vivyo hivyo mvua ya jioni ya tarehe 3, ambayo hupimwa asubuhi ya tarehe 4: wapo wanaoiandika kwa siku iliyonyesha, na wapo wanaoiandika kwa siku iliyopimwa. Njia zote mbili zinafaa. Lisilofaa ni kubadilisha njia katikati ya mwaka. Chagua moja, na uitangaze kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Tarehe zenyewe ziandikwe kwa jina la mwezi. Sisi tukiandika 4/3 tunakusudia tarehe 4 Machi. Programu nyingi za kompyuta zimetengenezwa Marekani, nazo zinaweza kuisoma Aprili 3. Mwanzo wa masika ukahamishiwa katikati ya masika kwa kubonyeza kitufe kimoja! Hali kadhalika vipimo: inchi moja ni milimita 25.4, na mashine ngeni mara nyingi huletwa ikiwa imewekwa kwa inchi na kwa nyuzi za Fahrenheit.

Mtego wa tatu ni jina la mahali, na sidhani kama kuna wilaya nyingine inayoufahamu mtego huu kuliko hizi mbili. Chukua kilima kimoja cha Nkwenda. Kabla ya 1979 kingeandikwa kuwa kiko katika mkoa wa Ziwa Magharibi, na katika karatasi za Kiingereza kingeitwa kwa jina la Kiingereza la mkoa huo. Baada ya vita vya Kagera mkoa ukapewa jina la Kagera, na kilima kikabaki katika wilaya ya Karagwe. Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ikaanza, na kilima kikawa cha Kyerwa. Kilima hakikusogea hata hatua moja. Lakini mtafiti atakayekuta karatasi ya mwaka 1970 iliyoandikwa "Karagwe" pekee, atajuaje kama ilipimwa Kayanga au Kaisho? Kwa hiyo andika kijiji, kitongoji, kimo kutoka usawa wa bahari kama unakifahamu, na siku ambayo kopo lilihamishwa, hata kama limehamishwa kutoka upande mmoja wa ua kwenda upande mwingine.

Mtego wa nne ni sisi wenyewe. Kuna mtu ambaye hakupima tangu Jumatatu, na Jumapili akaketi na kalamu kuijaza juma zima kwa kumbukumbu. Tarakimu za namna hiyo hujisaliti. Zinapenda kuishia kwenye 0 na 5: mara 10, mara 15, mara 20. Mvua ya kweli haina desturi hiyo. Leo ni 3.4, kesho 11.8. Wataalamu wanaokagua takwimu hulitazama jambo hilo mapema kabisa. Mstari mfupi wa kweli una thamani kuliko tarakimu nzuri ya uongo. Na ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa, andika iliyo sahihi pembeni, ili atakayekuja aone yote mawili.

Je, mashine haziondoi matatizo haya? Zinaondoa baadhi na kuleta mengine. Vipimamvua vingi vya mashine vina kijiko kidogo ndani ambacho hujaa, hupinduka, na kila kikipinduka huhesabu sehemu ndogo ya milimita. Buibui mmoja akijenga utando mle, au majani yakiziba mdomo, mashine itaandika sifuri kwa uaminifu mkubwa huku mvua ikinyesha. Betri ikifa, baadhi yake husahau hata mwaka, zikaanza upya kuhesabu kutoka mwaka 2000. Kwa hiyo wenye busara huweka kopo la kawaida kando ya mashine, wakalinganisha mara kwa mara. Tena hunakili takwimu kutoka kwenye mashine kila mwezi, nakala moja hapa na nyingine kwingine. Daftari la karatasi lipigwe picha kwa simu kila ukurasa unapojaa. Mchwa wa kwetu hawachagui kati ya daftari la madeni na daftari la mvua.

Msikilizaji mmoja atasema: ya nini taabu yote hii, wakati satelaiti ziko angani na simu yangu inaniambia hali ya hewa? Ni kweli satelaiti zimesaidia sana. Lakini satelaiti huyatazama mawingu kutoka juu na kukadiria mvua iliyofika chini. Makadirio hayo husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimo vya ardhini. Mahali pasipo na vipimo, makadirio hubaki bila wa kuyakosoa. Na simu yako ikikuambia mvua ya Kyerwa, iulize ina kipimamvua kwenye kilima gani.

Na fedha zimo ndani yake. Mwaka 2009 wenzetu wa Kenya walianzisha bima ya mazao iliyoitwa Kilimo Salama. Badala ya kumtuma mkaguzi kila shamba, bima ilitazama kituo cha hali ya hewa kilicho jirani. Mvua ikipungua chini ya kipimo kilichokubaliwa, mkulima alilipwa kwa simu. Ni mpango mzuri, lakini fikiri: mwenye shamba lililo mbali na kituo anaweza kuunguliwa na jua wakati kituo kimepata mvua. Bima za namna hiyo zinazidi kuja, na nyingine hufuata satelaiti. Siku zitakapofika kijijini kwenu, mkulima atakayesema "kwangu haikunyesha" ataulizwa ushahidi uko wapi. Mwenye daftari la miaka mitano atakuwa na la kusema. Mwenye "kiasi" hatakuwa nalo.

Hata bila bima, zipo mbegu. Kanuni mojawapo ambayo wataalamu huitumia kutambua mwanzo wa msimu ni kwamba zinyeshe angalau milimita 20 katika siku zisizozidi tatu, kisha pasifuate kipindi kirefu cha ukavu. Mvua ya kwanza ya Septemba ikinyesha milimita 7, vumbi litalala na moyo wa mkulima utaamka. Atapanda. Kisha jua la majuma mawili litamalizia maharage yakiwa na majani mawili. Kopo haliwezi kumwambia mvua ya kesho, lakini linaweza kumwambia kwamba ya jana ilikuwa 7 wala si 20. Na daftari la miaka kumi litamwambia ni mara ngapi mvua za mwanzo wa Septemba ziliwahi kumdanganya. Maharage hayo hayo, ndugu yangu unayenunua gazeti mjini, ndiyo unayoyalalamikia bei sokoni.

Kazi ya kuandika mvua si ngeni katika nchi ya Karagwe. Mwezi Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Bweranyange kwa Mfalme Rumanyika, naye akawapokea kwa ukarimu. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kina jedwali la siku zilizonyesha mvua mwezi hata mwezi katika safari yao. Hakuandika milimita humo, alihesabu siku tu. Lakini zaidi ya miaka 160 baadaye siku hizo bado zinasomwa. Wazee wa Rumanyika bila shaka waliijua mvua ya nchi yao kuliko mgeni yule, lakini ujuzi wao ulitunzwa vichwani, na vichwa hufa.

Tazama pia Ziwa Victoria. Kimo chake kimekuwa kikiandikwa tangu 1896. Mvua kubwa za 1961 zilipolijaza ziwa, likapanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964, watu waliweza kusema kwa yakini ni ajabu kubwa kiasi gani. Na Mei 2020, lilipofikia tena kimo cha namna hiyo na kuzamisha nyumba na magati, tulikuwa na cha kulinganisha. Bila wale makarani waliosoma kijiti cha kupimia siku baada ya siku, tungebaki tunabishana na wazee.

Uingereza, George James Symons alianza mwaka 1860 kukusanya vipimo vya mvua kutoka kwa wananchi, wakiwamo mapadri, walimu na wakulima. Alipofariki mwaka 1900 wapimaji walizidi 3,000. Karatasi za wapimaji wa namna hiyo zilikaa makabatini. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, watu 16,000 walijitolea kunakili karatasi 66,000 kwenye kompyuta, zaidi ya tarakimu milioni tano. Zilinakiliwa kwa sababu zilikuwapo.

Kwetu huduma ya hali ya hewa ilikuwa ya pamoja kwa Afrika Mashariki, makao yake makuu Nairobi, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1999 ikawa Wakala, na kwa sheria ya 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Sheria hiyo inataka vituo viandikishwe, na kutangaza utabiri na tahadhari kwa umma ni kazi ya Mamlaka. Hilo ni sawa. Hatutaki kila mwenye kopo awatangazie watu mafuriko. Lakini kuna tofauti kati ya kutabiri ya kesho na kuandika ya jana, na mwenye kuandika ya jana anastahili kutiwa moyo.

Ndiyo maana nasema hivi. Tumezoea miradi inayoleta mashine yenye kung'aa, ikapigwa picha siku ya uzinduzi. Mradi ukiisha, betri nayo imeisha, na takwimu zimeondoka na aliyezileta. Afadhali kipimamvua cha bei nafuu na daftari gumu katika kila shule ya msingi ya Karagwe na Kyerwa, wanafunzi wa darasa la sita wakipima kwa zamu saa tatu asubuhi, na wakati wa likizo mlinzi au mwalimu wa jirani akashika zamu. Halmashauri zote mbili zikusanye nakala kila mwisho wa mwezi na kuzifikisha kwa Mamlaka. Na muhimu kuliko yote, majibu yarudi. Afisa ugani asimame mbele ya shule na kusema: mwezi huu kwenu zilinyesha milimita 84, kwa jirani zenu 51. Mpimaji huacha kupima anapoona hakuna anayesoma. Redio za jamii zilizopo Karagwe zinaweza kusoma tarakimu hizo kila juma kama zinavyosoma salamu.

Na wewe uliye mjini mwenye wazazi kule, safari ijayo pamoja na sukari na sabuni, chukua rula na daftari. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda kutoka Omurushaka hadi nyumbani. Waachie wazazi, na mfundishe mtoto mmoja pale tofauti ya sifuri na mstari. Kila mwisho wa mwezi akutumie picha ya ukurasa, nawe uihifadhi.

Ndugu msikilizaji, enjura, kama Wanyambo wanavyoiita mvua, haiko mikononi mwetu. Daftari liko mikononi mwetu.